Mdomo unaojilinda: jibu kwa mama wa mtoto anayelishwa kwa mpira

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Muheza. Binti yangu Nasra ana mwaka mmoja na miezi 7. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, akawa anachoka na kutoka jasho akinyonya, na alipofikisha miezi 3 akawekewa mpira wa puani, ule mrija mwembamba unaopeleka chakula hadi tumboni. Alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi 10 na daktari anasema moyo sasa uko sawa, lakini mpira haujatoka mpaka leo. Namlisha mara 5 kwa siku, mililita 170 kila mara, maziwa na uji uliochujwa. Mara nyingi mlo wa asubuhi anautapika. Nikisogeza kijiko anageuza uso na kufunga mdomo, siku nyingine anatapika hata hakijamgusa. Lakini pindo la kanga yangu analitafuna, na maji ya kuoga anakunywa. Ana kilo 8.6. Mama mkwe anasema nimbane pua nimnyweshe, ndivyo walivyolelewa wote. Shemeji yangu aliye Ujerumani kanitumia video ya watoto walioachishwa mpira kwa siku chache baada ya kuachwa wasikie njaa. Nifuate lipi? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba, Mama Nasra, na pole sana. Miezi 16 ya bomba la sindano, plasta na kutazama saa si mchezo, na hizo kilo 8.6 kwa mtoto aliyepitia aliyoyapitia Nasra ni jasho lako. Kazi yangu ni tiba kwa vitendo, na kwa miaka mingi nimekaa na watoto wanaoshindwa kula. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu suala la mpira, la mama mkwe na la video yote yana mzizi mmoja. Sijamwona Nasra, kwa hiyo kila nitakapokutuma kwa daktari wenu, usiparuke hapo.

Kuna jambo umelitaja kwa haraka ambalo mimi limenifanya nitabasamu: anatafuna pindo la kanga, na maji ya kuoga anakunywa. Mtoto anayefanya hivyo ana midomo inayofunga, taya linalofanya kazi na koo linalomeza. Sasa angalia kanga na kijiko vinatofautiana wapi. Kanga anaishika mwenyewe, anaitia mdomoni mwenyewe, akichoka anaitoa. Maji ya kuoga hakuna anayembembeleza ayanywe. Pengine hata unamkataza. Kijiko kinakuja kutoka kwa mtu mwingine, kwa wakati ambao hakuuchagua, na nyuma yake kuna uso wenye wasiwasi. Nasra kula anaweza. Mdomo wake unajilinda, na tukishaelewa unajilinda na nini, mengine yatapangika.

Lakini kwanza koo. Umesema daktari amethibitisha moyo. Muulize pia kuhusu kumeza, na muulize amejuaje. Watoto waliopasuliwa karibu na moyo wana jambo lao la pekee: mshipa wa fahamu unaoendesha kamba za sauti upande wa kushoto hushuka kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha ukapanda tena shingoni. Katika baadhi ya upasuaji wa moyo mshipa huo huguswa au kuvutwa, na kamba moja ya sauti ikalegea. Mtoto wa namna hiyo hulia kwa sauti ya kukwaruza au sauti ndogo kuliko zamani, na chakula kinaweza kumwingia kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa. Kilio cha Nasra kilibadilika baada ya upasuaji? Akinywa yale maji ya kuoga, je, anakohoa, macho yanalengalenga machozi, midomo inabadilika rangi, au sauti inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni? Amelazwa kwa nimonia mara kwa mara? Ukijibu ndiyo hata kwa moja tu, usimpe chochote mdomoni kwanza. Omba daktari wa masikio, pua na koo aangalie kamba za sauti, na ikiwezekana apigwe picha ya eksirei huku anameza. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi ndizo za kuulizia. Kama majibu yote ni hapana na daktari ameridhika, tuendelee.

Sasa, anajilinda na nini?

Turudi alipokuwa na miezi 3. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo anapumua mbio hata akiwa amelala, na kunyonya kwake ni kama kupanda mlima: anachoka, anatoka jasho, anaacha katikati akiwa bado na njaa. Kwa hiyo somo lake la kwanza kuhusu kula lilikuwa kwamba kula kunachosha. Kisha ukaja mpira. Ulimwokoa, hilo lisibishaniwe. Lakini mpira wa puani una gharama yake. Kila unapobadilishwa, mtoto anashikwa kichwa na mikono, kitu kinapita puani na kooni, anaziba pumzi, analia. Plasta inabanduliwa na kipande cha ngozi. Ukishakaa, unamkwaruza koo kila anapomeza, na unaacha mlango wa juu wa tumbo wazi kidogo, hivyo maziwa yanapanda na kumchoma. Mtoto hajui kutenganisha haya. Anachojua ni kwamba mkono ukija usoni, maumivu yanakuja nyuma yake. Ndiyo maana anatapika hata kabla ya kijiko kumgusa. Usimwone mkaidi, mwili wake unakumbuka.

Juu ya hayo kuna umri. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Uingereza, Illingworth na Lister, waliandika kuhusu watoto ambao hawakupewa chakula cha kutafuna walipokuwa tayari, yaani kwenye miezi 6 au 7 hivi, na baadaye wakawa wanakikataa au kukitapika. Madirisha ya kujifunza yapo, na Nasra alikuwa bado anasubiri upasuaji, mpira puani, la kwake lilipofunguka. Halikufungwa kwa kufuli. Ila mtoto wa miezi 19 anajifunza akiwa tayari ana maoni yake, na huwezi kumfundisha kama unavyomwonjesha wa miezi 6.

Na kuna jambo la tatu, dogo kulisema, kubwa katika kutenda: tangu awekewe mpira, Nasra hajasikia njaa. Kabla tumbo halijaanza kunguruma, saa imefika na mililita 170 zinashuka. Kwake shibe ni kitu kinachotokea tu, kama mvua. Hakuna kinachomwambia kwamba kile kilicho kwenye sinia kina uhusiano wowote na tumbo lake.

Tangu watoto waanze kupasuliwa kwa wingi hapa nyumbani, hasa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, badala ya kusubiri safari ya India, nakutana na akina Nasra wengi zaidi: moyo umepona, mtoto anakimbia, na mpira bado uko puani kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuuondoa. Naliona hili kuwa pengo kubwa. Anayeweka mpira angetakiwa siku hiyohiyo aandike kwenye faili utaondokaje.

Kuhusu kumbana pua. Mama mkwe anasema kwa mapenzi, na ni kweli watoto wengi walinyweshwa hivyo na wakakua. Wale ambao hawakukua hawapo kutusimulia. Njia ya hewa na njia ya chakula zinakutana kooni, na tunapomeza njia ya hewa inajifunika kwa nukta moja. Ukimbana mtoto pua, hana budi kupumua kwa mdomo. Mdomo ukiwa umejaa uji na yeye analia, anavuta hewa na uji pamoja, na uji unashuka mapafuni. Kwa mtoto ambaye kifua chake kimewahi kufunguliwa, nimonia moja ya aina hiyo inaweza kurudisha nyuma kazi ya mwaka mzima, au kummaliza kabisa.

Nilipoanza kazi nilishiriki jambo linalofanana na hilo. Tulikuwa watu wazima watatu wodini: mmoja ameshika mikono, mmoja kichwa, mimi kijiko. Tuliandika kwenye faili kwamba mtoto amekula vijiko 11. Wiki iliyofuata mtoto yule alianza kulia kila alipoona mtu yeyote mwenye aproni, hata wa usafi. Vijiko 11 vile vilitugharimu miezi. Ndiyo sababu nakuomba, Mama Nasra, kwa kila nilichonacho: usimbane pua, usimfungue mdomo kwa kidole, usimchomekee kijiko akiwa anacheka au amesinzia. Hiyo ya mwisho ni ujanja unaopendwa sana, na ni hasara tupu, kwa sababu unamfundisha kwamba hata akicheka hayuko salama.

Mama mkwe usibishane naye. Mpe kazi. Bibi ndiye anayefaa kuliko wote kukaa na Nasra mkekani akila chakula chake mwenyewe, taratibu, kwa raha, bila kumtazama mtoto mdomoni. Mwambie mtaalamu amesema mtoto ajifunze kwa kumwona bibi. Ni kweli, nami nasema hivyo.

Hatua ya kwanza nyumbani haihusu kula chochote. Inahusu kurudisha uso wake mikononi mwake. Plasta ilainishe kwa mafuta ya nazi au ya mtoto kabla ya kuibandua, usiivute kavu. Mpake mafuta mashavuni mkicheza, muda ambao si wa kulishwa wala wa kubadilisha mpira, na akigeuza uso, acha. Akishakuona unaacha mara kumi, mara ya kumi na moja hatageuza. Mpigishe mswaki, kwa sababu mtoto asiyetafuna meno yake hujaa ukoko haraka. Mpe mswaki wake aushike, nawe uwe na wako, mswaki pamoja. Vile vitu anavyopenda kutafuna usimnyang'anye. Mpe na vingine: kijiko kitupu cha mbao, kikombe kidogo cha plastiki, kijiko kilichochovywa kwenye uji kikabaki na harufu tu.

Maji ya kuoga yana sabuni na uchafu, hayafai, lakini ametuonyesha mlango. Muwekee beseni kama kawaida, na pembeni kikombe kidogo chake chenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Usimnyweshe. Kiweke karibu na mkono wake, endelea kumwogesha. Nimeona watoto zaidi ya mmoja ambao kinywaji chao cha kwanza cha hiari kilinywewa ndani ya beseni.

Kisha mkeka. Familia inapokula, Nasra awepo, amekaa wima, chakula kiko mbele yake kwenye sahani yake au pembeni mwa sinia. Kiwe kidogo na cha aina mbili tatu: parachichi lililopondwa, kiazi kitamu laini, ndizi mbivu, mtori mzito. Akichezea, sawa. Akijipaka kichwani, sawa. Akimlisha bibi, hiyo ni hatua kubwa sana, bibi afungue mdomo ale. Yuko mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyeugawa mlo hivi, nami sijaona mgawanyo bora: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kwa mtoto wa mpira mgawanyo huo unakuwa mgumu kuustahimili, maana unaona sahani inarudi kama ilivyokwenda, siku ya 5, siku ya 12. Stahimili. Dakika 20 zikiisha, toa sahani, asante, tumemaliza. Usishangilie akila wala usinune akikataa. Kushangilia nako ni shinikizo. Mtoto aliyezoea kuona nyumba nzima inapiga makofi kwa kijiko kimoja anajua kabisa kwamba kijiko hicho ni cha nyumba, si chake.

Akifanya kama anataka kutapika chakula kikigusa ulimi, usitaharuki. Kwa mtoto aliyekaa na mpira sehemu inayoamsha hali hiyo iko mbele sana mdomoni, na inarudi nyuma kadiri anavyozoea. Kaa naye, subiri, usimpigepige mgongo kama anapumua na kutoa sauti. Kinachotisha ni kimya: mtoto aliyekabwa hatoi sauti, hakohoi, anabadilika rangi. Kwa hiyo karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, muwa, vipande vigumu vya tufaha na samaki mwenye miiba vikae mbali naye kwa sasa. Chakula chenye uji na mabonge pamoja pia kinawashinda wengi. Anza na laini tupu, au kitu kinachoyeyuka chenyewe mdomoni.

Wakati huohuo, tazama upya unavyomlisha kwa mpira, kwa sababu kutapika kwa asubuhi kunaharibu kazi yote ya mkekani. Kama unasukuma kwa bomba la sindano, acha kusukuma. Hakikisha kwanza mpira uko mahali pake kama mlivyofundishwa hospitalini, toa kile kijiti cha kusukumia, shika bomba juu kidogo ya tumbo lake, maziwa yashuke yenyewe. Mililita 170 zichukue dakika 20 hadi 30. Awe amekaa, si amelala, na akae hivyo nusu saa baadaye. Kama mlo wa asubuhi ndio unaotapikwa, ugawe mara mbili kwa kuachanisha saa moja. Na umlishe kwa mpira palepale mkekani, mkononi ameshika kipande cha ndizi au kijiko chenye harufu ya chakula. Tunataka kichwa chake kianze kuunganisha ladha mdomoni na joto linaloingia tumboni.

Uji uliochujwa nao tuuzungumzie. Uji ukishakuwa mwepesi wa kupita kwenye mpira, mwingi wake ni maji: tumbo linajaa, nguvu ni kidogo. Muone afisa lishe, umuulize kuhusu kimea. Wataalamu wa Tanzania waliandika tangu mwaka 1983 jinsi unga wa nafaka iliyooteshwa unavyolainisha uji mzito bila kuongeza maji: unapika uji mzito, ukipoa kidogo unatia kijiko cha unga wa mtama au ulezi ulioota, unaona unageuka mwepesi machoni pako, kisha unauchemsha tena kidogo. Nguvu ile ile, ujazo mdogo. Uji usikae kwenye chupa tangu asubuhi hadi jioni. Na apimwe damu: upungufu wa madini ya chuma peke yake huua hamu ya kula, na choo kigumu hivyohivyo. Mwambie daktari mara ngapi kwa wiki anapata choo.

Sasa njaa, na video ya shemeji.

Njia ile ilipata jina katika hospitali ya chuo kikuu cha Graz, nchini Austria, kupitia madaktari Marguerite Dunitz-Scheer na Peter Scheer. Ni kweli wanapunguza chakula cha mpira haraka, kwa siku chache, na watoto wengi wanaanza kula. Lakini video inakuonyesha mtoto na biskuti. Haikuonyeshi daktari anayemwona kila siku, mizani, wataalamu wa kumeza, wa saikolojia na wa lishe waliozunguka chumba. Ninachotaka ukichukue kwao ni kitu kingine. Kiini cha siku yao ni kikao ambacho watoto wanakaa chini pamoja, vyakula vimetandazwa kila mahali, hakuna anayemlisha mtu, kila mmoja anagusa anachotaka huku wengine wanakula. Wazungu walilazimika kukibuni kitu hicho na kukipa jina. Wewe unao mkeka na sinia tangu kwa bibi yako.

Kwa hiyo njaa tutaitumia, ila kidogokidogo, na daktari wenu akijua. Masharti yangu ni haya: koo limethibitishwa, uzito umekuwa ukipanda au kutulia kwa wiki 4, hana homa, kuhara wala kikohozi, na mkekani anakaa kwa amani, anagusa chakula na kukitia mdomoni mwenyewe, hata kama hamezi. Kabla ya hapo njaa haimfundishi kula. Inamtesa tu, na mateso yale anayaunganisha na sahani.

Piga hesabu nami. Mara 5 kwa mililita 170 ni 850 kwa siku. Mtoto wa kilo 8.6 anahitaji maji ya mwili karibu mililita 100 kwa kila kilo, yaani 860. Unaona? Hana akiba. Ukipunguza chakula unapunguza na maji, na kwa joto la Tanga mtoto atakauka kabla hajasikia njaa. Kwa hiyo kinachopunguzwa kwenye maziwa kirudishwe kama maji matupu kwa mpira, usiku, mbali na saa za kula. Daktari athibitishe kiasi, kwa kuwa watoto wengine wa moyo huwekewa mipaka ya maji.

Tuseme unamlisha saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na saa 2 usiku. Anza na ule wa saa 4: badala ya 170 mpe 85. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya siku nzima, na inatosha kabisa kwa mwanzo. Saa 7 mchana familia ikikaa, tumbo la Nasra litakuwa na nafasi. Chakula kwanza, dakika 20, halafu mlo wake wa mpira kamili. Kaa hapo wiki 2. Kama ameanza kumeza kitu na uzito haujashuka, mlo wa saa 4 uondoke wote. Vijiko viwili vitatu vya kwanza usivihesabu kama mlo. Kwanza viwe mazoea ya kila siku, ndipo upunguze kwa ajili yake. Mlo wa usiku usiuguse mpaka mwisho.

Mpime kliniki kila wiki, mizani ileile, asubuhi, bila nguo. Wiki 2 mfululizo bila kupanda, simama ulipofika, usipunguze zaidi. Akipungua gramu 400, rudisha milo yote na muone daktari siku hiyo. Huko wanakolaza watoto hospitalini wanaweza kuvumilia zaidi. Nyumbani mimi sivumilii. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, akilegea, akitoka jasho baridi au akisinzia saa zisizo zake, mpe mlo wake wa mpira mara moja na umpeleke hospitali. Akipata malaria au kuharisha, mpango wote unasimama, analishwa kamili mpaka apone na wiki moja juu yake. Hujarudi nyuma hapo. Mpira ndiyo kazi yake.

Mpira wenyewe utoke lini? Atakapokuwa amekula na kunywa kwa mdomo wiki kadhaa, uzito unapanda, dawa zake anazimeza, na ikiwezekana amepita ugonjwa mdogo mmoja bila kuuhitaji. Hesabu miezi. Lakini kuna kipindi kimoja unachoweza kukitumia tangu sasa: siku ya kubadilisha mpira. Waombe wauguzi wasichomeke mpya papo hapo. Wautoe asubuhi, Nasra akae saa chache uso wake ukiwa mtupu, ale mkekani bila kamba kooni, kisha mpya uwekwe mchana. Hakikisha tu saa hizo hazipitilizi muda wa maji na dawa zake. Watoto wengine wanakuwa watu tofauti kabisa katika saa hizo, na utaona kwa macho yako kiasi gani cha kukataa kilikuwa cha mpira.

Na kama miezi 3 ikipita hujaona dalili ya kusogea, zungumza na madaktari kuhusu mpira wa tumboni, unaopita kwenye ngozi ya tumbo moja kwa moja badala ya puani. Najua neno hilo linatisha, familia nyingi zinasikia kama hukumu. Tangu mwaka 1980 Gauderer na Ponsky, kule Cleveland, Marekani, walionyesha namna ya kuuweka kwa kamera bila kupasua tumbo kwa kisu kirefu, na unatolewa usipohitajika. Unauacha uso na koo huru. Mpira wa puani ulikusudiwa kwa wiki, na Nasra anao kwa miezi 16.

Wiki hii fanya matatu tu: uliza kuhusu koo na sauti, acha kusukuma kwa bomba la sindano, na tandika mkeka. Kijiko cha kumlishia kiweke kabatini kwa siku 14, usimwonyeshe kabisa; vile anavyoshika na kutafuna mwenyewe vibaki. Kisha niandikie uzito wake, ametapika mara ngapi, na kitu cha kwanza alichokishika mwenyewe mkekani kilikuwa nini.